Mbegu bora ya soya: bora kwa nani?

Katika lugha ya maofisa wa kilimo nchini Kenya ni nadra kukuta maneno yanayotumika sana kama haya mawili: "mbegu bora". Hutajwa katika mabaraza ya machifu, katika vipindi vya redio na katika hotuba za wanasiasa, na huchapishwa kwa herufi kubwa juu ya mifuko inayopangwa madukani kila mvua zinapokaribia. Mwananchi ameyazoea hata hayamshughulishi tena. Hata hivyo, sisi ambao kazi yetu ni kuchunguza lugha tunajua kwamba "bora" ni neno lenye deni. Kitu hakiwi bora hivi hivi. Huwa bora kuliko kingine, kwa kazi fulani, machoni pa mtu fulani. Anayelitamka neno hilo bila kutaja mambo hayo matatu hajaimaliza sentensi yake.

Ningependa leo tuimalize sentensi hiyo kwa kuitazama soya. Huku kwetu Malinya, katika eneo la Ikolomani, kaunti ya Kakamega, mashamba ni madogo, mahindi na maharagwe hupandwa katika kipande kimoja cha ardhi, na kwa miaka mingi soya imehubiriwa kuwa zao litakalomwongezea mkulima wa magharibi riziki. Haja ya zao jingine ilidhihirika zaidi sekta ya miwa ilipoyumba, na hasa mnamo Septemba 2019 kampuni ya sukari ya Mumias ilipokabidhiwa msimamizi aliyeteuliwa na benki iliyokuwa ikiidai. Wakati huohuo, katika vyuo na maabara za nchi za mbali, wataalamu wamekuwa wakiibadilisha soya kutoka ndani: mafuta yake, protini yake, hata harufu yake.

Hoja yangu ni nyepesi kuieleza ingawa si nyepesi kuitekeleza. Maadamu mkulima wetu analipwa kwa uzito peke yake, na maadamu mlaji wetu haulizwi anataka nini ndani ya punje, ubora huo mpya utakuwa bora kwa wengine na wala si kwetu.

Tuanze na punje yenyewe. Punje kavu ya soya huwa na takribani asilimia 40 ya protini na asilimia 20 ya mafuta. Hakuna jamaa yake katika maharagwe ya kawaida anayeikaribia. Maharagwe tunayokula na ugali yana protini kama nusu ya hiyo, na mafuta yake ni haba mno. Alizeti na karanga huishinda soya kwa mafuta, lakini hazifikii protini yake. Kwa hiyo soya ni zao lenye mabwana wawili. Kiwanda cha mafuta huitaka kwa ajili ya mafuta. Mwenye kuku, mwenye nguruwe na mwenye ng'ombe wa maziwa huyataka mashudu yanayobaki baada ya kukamua, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mzigo na, aghalabu, ndiyo sehemu kubwa ya thamani yake.

Mabwana hawa wawili hawapatani. Wazalishaji wa mbegu wamethibitisha kwa miongo mingi kwamba aina ya soya ikipandishwa protini, kwa kawaida mafuta hushuka, na mara nyingi mavuno nayo hupungua. Kuna wachache waliofaulu kuvipandisha viwili kwa pamoja, lakini kwa jasho jingi na kwa kiasi kidogo. Ndiyo maana swali la "bora kwa nani" si mchezo wa maneno. Limo ndani ya maumbile ya mmea. Mtaalamu anapoingia shambani kuchagua mche upi aubakize na upi aung'oe, tayari amekwisha kuamua atamtumikia nani.

Watu wa Idakho hawahitaji kufundishwa jambo hili. Katika uwanja wa Malinya ambako fahali hupiganishwa, kila mtazamaji anajua kwamba fahali wa vita na ng'ombe wa maziwa hawatafutwi katika ukoo mmoja. Hakuna anayesema tu "ng'ombe bora" akanyamaza. Ajabu ni kwamba hekima hiyo hatuihamishii kwenye mbegu.

Hata jina la zao hili lina funzo. Neno "soya" limetokana na neno la Kijapani "shoyu", ambalo ni jina la mchuzi unaotengenezwa kwa maharagwe hayo. Waholanzi walilibeba neno hilo katika biashara yao, likaenea Ulaya, na hatimaye likatua kwetu. Wachina, ambao ndio walioanza kulilima zao lenyewe, huliita "dadou", yaani haragwe kubwa. Dunia nzima basi hulijua zao hili kwa jina la kilichotengenezwa kutokana nalo, jina la mezani, si la shambani. Walaji ndio waliolibatiza. Leo walaji hao hao, angalau katika Afrika Mashariki, hawana sauti yoyote katika kuliumba upya.

Soya si mgeni wa jana huku. Wajerumani waliijaribu katika kituo cha Amani, Tanganyika, mwaka 1907. Nchini Kenya aina za zamani zilizofanyiwa majaribio zilikuwa na majina kama Hill na Black Hawk, yaliyotoka Marekani, kisha zikaja nyingine zilizopewa majina ya wanyama wa porini, Gazelle na Nyala. Baadaye majina yaligeuka kuwa tarakimu na herufi. Mkulima wa Kakamega anayepanda SB 19 hupanda mmea ambao katika vitabu vya watafiti huitwa TGx 1740-2F. Huyo ni mtoto wa Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki, IITA, iliyoanzishwa Ibadan, Nigeria, mwaka 1967.

Historia ya mbegu hizo za TGx inastahili kusimuliwa, kwa kuwa inaonyesha kwamba swali letu linaweza kujibiwa vizuri. Soya hujipatia naitrojeni kwa msaada wa bakteria wanaoishi katika vinundu vya mizizi yake. Soya za Marekani zilihitaji bakteria maalumu ambao katika udongo wa Afrika ni adimu, kwa hiyo mkulima alilazimika kununua bakteria hao na kuwapaka mbegu kila msimu. Mkulima maskini hangeweza. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wataalamu wa Ibadan walianza kuzalisha soya inayokubali kushirikiana na bakteria wenyeji wa udongo wa Kiafrika. Kwa Kiingereza mbegu hizo zilipewa sifa ambayo kwa kawaida humwelekea mtu asiyechagua wapenzi. Kiswahili, kwa adabu yake, kingeziita mbegu zisizobagua. Watafiti wa CIAT waliokuwa magharibi mwa Kenya walizijaribu aina kadhaa za jamii hiyo mwanzoni mwa karne hii, na SB 19 ikapata wafuasi wake. Hiyo ilikuwa mbegu bora, na tunaweza kumtaja aliyekusudiwa: mkulima asiye na fedha za pembejeo.

Majirani zetu wa Uganda nao walilijibu swali hilo kwa njia yao. Mwaka 1996 ugonjwa wa kutu ya soya uliingia nchini humo na kuangamiza mashamba. Profesa Phinehas Tukamuhabwa wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzake walizalisha aina zinazostahimili kutu, wakaanza na Maksoy 1N mwaka 2004, kisha Maksoy 3N mwaka 2010, pamoja na nyinginezo. Mbegu hizo zilienea kwa sababu zilijibu kilio kilichokuwapo. Hakuna aliyehitaji kumshawishi mkulima ambaye majani ya soya yake yalikuwa yamekauka mwaka uliotangulia.

Kutu na bakteria, hata hivyo, ni mambo yanayoonekana shambani. Sasa tumefikia hatua nyingine, ambapo ubora unaotafutwa hauonekani kwa macho. Punje mbili zinaweza kulingana kwa rangi, ukubwa na uzito, na bado zikawa na mafuta ya tabia tofauti kabisa.

Mafuta ya kawaida ya soya ni mchanganyiko. Zaidi ya nusu ni asidi ya linoleiki, karibu robo ni asidi ya oleiki, na asilimia 7 au 8 ni asidi ya linoleniki. Msomaji asichoshwe na majina haya. Ni konsonanti moja tu inayotofautisha linoleiki na linoleniki, na katika kemia pia tofauti yao ni ndogo: molekuli ya oleiki ina kiungo kimoja kilicho dhaifu mbele ya hewa, ya linoleiki ina viwili, ya linoleniki ina vitatu. Kadiri viungo hivyo vinavyozidi, ndivyo mafuta yanavyooza upesi. Linoleniki ndiyo inayosababisha mafuta ya soya kuchacha upesi na kutoa harufu yakichemshwa mara kwa mara.

Viwanda vilipata dawa ya tatizo hilo tangu zamani: kuyatia mafuta haidrojeni ili viungo hivyo vipungue. Dawa hiyo ilizaa ugonjwa mwingine, kwani ilitengeneza mafuta ya aina ya transi, ambayo baadaye ilithibitika kwamba huongeza maradhi ya moyo. Kuanzia Januari 2006 Marekani iliwalazimisha wenye viwanda kuandika kiasi cha mafuta ya transi kwenye vibandiko vya vyakula. Mwaka 2015 mamlaka ya chakula ya nchi hiyo ikatamka kwamba mafuta yaliyotiwa haidrojeni kwa sehemu si salama tena kutumiwa kama kawaida, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likatoa wito wa kuyaondoa duniani kote.

Hapo ndipo mbegu zilipobadilika. Chuo Kikuu cha Iowa State kilikuwa kimezalisha soya yenye linoleniki ya takriban asilimia 1 tu, na ghafla wanunuzi wakaitafuta. Mwaka 2010 watafiti wa Missouri walieleza jinsi ya kuunganisha mabadiliko katika jeni mbili ili kupata soya ambayo oleiki yake hufikia asilimia 80. Ningeomba tuutafakari mfuatano huo. Neno moja liliandikwa kwenye kibandiko cha biskuti, mnunuzi akalisoma, kiwanda kikaogopa, na miaka michache baadaye mkulima wa Iowa akawa anapanda mmea mwingine. Sheria ya maneno ilibadilisha shamba.

Kazi ya kuzalisha mbegu kama hiyo ni ya subira. Ua la soya hujichavusha lenyewe kabla halijafunguka, kwa hiyo mtaalamu hulifungua tumba kwa koleo ndogo, huondoa sehemu za kiume, kisha huleta chavua ya mmea mwingine. Mimea ya kizazi cha kwanza haionyeshi lolote. Katika kizazi cha pili, kwa kuwa jeni zinazotakiwa ni mbili na kila moja hujitokeza pale tu inaporithiwa kutoka pande zote mbili, mmea mmoja katika kila 16 ndio huwa na unachokitafuta. Mingine 15 hutupwa au huhifadhiwa kwa kazi nyingine. Kisha huja vizazi vingine vinne au vitano vya kuchagua hadi mbegu itulie. Sisi wenye mvua za masika na za vuli tunaweza kupata vizazi viwili kwa mwaka mmoja, neema ambayo mkulima wa Missouri hana.

Hapa pana mkanganyiko wa lugha ambao hauna budi kuondolewa. Katika soko letu mtu akisikia kwamba mafuta ya soya yamebadilishwa, husema mara moja: "Hiyo ni GMO." Wakenya wameusikia mzozo huo tangu serikali ilipopiga marufuku vyakula vya aina hiyo Novemba 2012, ikaiondoa marufuku hiyo Oktoba 2022, na suala zima likahamia mahakamani. Ukweli ni kwamba njia ni tatu tofauti. Ipo ya kukutanisha mimea miwili ya soya kwa chavua, kama nilivyoeleza. Ndiyo ya Missouri na ya Makerere. Ipo ya kupandikiza jeni katika maabara. Na ipo ya kuhariri jeni za mmea wenyewe, ambayo kwayo mafuta ya soya yalianza kuuzwa Marekani mwaka 2019. Mtu anaweza kuikubali ya kwanza na kuikataa ya pili au ya tatu, na ana haki hiyo. Lakini lugha inayoziita zote kwa jina moja humnyang'anya uwezo wa kuchagua. Jambo lisilo na jina lake halijadiliki.

Sasa turudi kwenye swali letu. Je, soya isiyo na linoleniki ni bora? Kwa mwenye mkahawa wa vibanzi, ndiyo, bila shaka, kwa kuwa mafuta yake hudumu kwenye karai. Kwa mwenye duka ambalo chupa hukaa juani wiki kadhaa, ndiyo vilevile. Lakini linoleniki hiyo hiyo ni mojawapo ya mafuta ya omega-3 ambayo mwili wa binadamu hauwezi kujitengenezea na huyahitaji. Familia ambayo samaki hufika mezani kwa nadra, na ambayo huchemsha soya au kuisaga ikala punje nzima badala ya kuikamua, huenda ikapoteza kitu pale kiwanda kinapopata. Mbegu ni moja, wahukumu ni wawili, hukumu ni mbili.

Tuendelee na orodha ya jikoni, ambayo ni nadra kuisikia katika mikutano ya wataalamu. Soya mbichi ina kizuizi kinachozuia tumbo kusaga protini, na ndiyo sababu haina budi kuchemshwa au kukaangwa vizuri kabla ya kuliwa. Kuchemsha ni kuni, na kuni ni mgongo wa mwanamke. Watafiti wa Illinois waligundua miongo mingi iliyopita kwamba ziko soya zilizozaliwa bila kizuizi kikuu kati ya hivyo. Ziko pia zisizo na kimeng'enya kinachotoa ile harufu kali ambayo huwafanya watoto waikatae soya ya maji. Ziko zenye upungufu wa sukari zinazojaza tumbo gesi. Ziko zenye upungufu wa fitati, ile inayoyashika madini ya chuma na zinki na kuyazuia yasitumike mwilini, ingawa baadhi ya hizo zimeleta shida ya kuota vibaya. Na iko kazi ya kuongeza methionini, kwa kuwa protini ya soya ina upungufu wake hapo, ilhali ina lisini tele ambayo ugali wa mahindi hauna ya kutosha.

Sifa hizi zote ni za ndani ya punje. Zote huzalishwa kwa njia zile zile za subira. Iwapo mama wa Malinya angeulizwa zipi zitangulie, sidhani kwamba angeanza na oleiki. Yamkini angeanza na kuni, kisha harufu, kisha tumbo la mtoto. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kwa nyumba zenye watoto hao, protini inayosagika ni jambo zito kuliko mafuta yanayodumu.

Sisemi kwamba mafuta si kitu. Sehemu kubwa ya mafuta ya kula ya Kenya hutoka ng'ambo, hasa mafuta ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia. Vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022, alizeti ikapungua duniani. Indonesia nayo ikazuia kuuza mawese nje kuanzia Aprili 28 hadi Mei 23 mwaka huo. Kila mpishi wa mandazi aliyaona matokeo katika bei ya chupa. Nchi inayotegemea meli kwa kitoweo chake hailali usingizi mzuri. Ninachosema ni kwamba mahitaji haya mawili, la kiwanda na la chungu, yanaweza kuhitaji mbegu mbili tofauti, na kuziita zote "mbegu bora" ni kuuficha uamuzi unaopaswa kufanywa hadharani.

Wapo watakaosema kwamba yote haya yamekwisha kufanyika Marekani, basi tununue mbegu zao. Wahenga walituonya: usisafirie nyota ya mwenzio. Soya hupima urefu wa usiku ili ijue lini itoe maua. Mbegu ya Missouri, iliyozoea siku ndefu za kiangazi, ikiletwa karibu na ikweta ambako mchana na usiku hulingana, hutoa maua ingali fupi na mavuno yake huwa duni. Brazil ilikabiliana na tatizo hilo hilo. Shirika lake la utafiti wa kilimo, Embrapa, lililoundwa mwaka 1973, pamoja na watafiti wengine wa nchi hiyo, walizalisha soya inayochelewa kutoa maua hata siku zikiwa fupi, na leo Brazil ndiyo inayoongoza dunia kwa zao hili. Isitoshe, muundo wa mafuta hutegemea hali ya hewa. Punje ikijaa wakati wa joto, oleiki huongezeka. Ikijaa wakati wa baridi, linoleniki hupanda. Kakamega iko takribani mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na usiku wake si wa joto. Kipimo kilichopatikana kwingine hakitabiri mafuta yatakayopatikana Malinya. Hapana budi kupima hapa.

Na tukishapima, nani atalipia? Hapa ndipo kiini cha jambo kilipo. Katika masoko yetu nafaka huuzwa kwa gorogoro, ule mkebe ambao kila mtu anaujua, au kwa gunia. Gorogoro halina jicho. Halijui protini wala mafuta. Mkulima aliyepanda soya yenye protini nyingi lakini mavuno madogo kidogo atapata fedha chache kuliko jirani yake aliyepanda soya hafifu inayojaza mkebe. Msimu ujao atafanya nini? Ataifuata hesabu, na mbegu yenye lishe itabaki kwenye vitabu vya watafiti. Husemwa kwamba kizuri chajiuza. Hakijiuzi pale ambapo mnunuzi hawezi kukiona.

Marekani walilitambua hilo. Mkulima anayepanda soya ya oleiki nyingi huwekeana mkataba na kiwanda na hulipwa nyongeza juu ya bei ya soko kwa kila kipimo, kwa sharti kwamba mzigo wake usichanganywe na wa wengine. Teknolojia ya kupima nayo haitishi. Zipo mashine zinazomulika mwanga punje nzima na kusoma protini na mafuta kwa dakika chache bila hata kuzisaga. Chama cha ushirika hakihitaji maabara. Kinahitaji mashine moja, fundi mmoja aliyefunzwa, na mnunuzi aliye tayari kulipa anachokisoma.

Nayasikia mapingamizi. Kuna atakayesema kwamba mwenye njaa hachagui, kwamba mavuno yatangulie na mambo ya ndani ya punje yaje baadaye. Hoja hiyo ina uzito, nami siipuuzi. Mkulima asiyevuna hawezi kujadili methionini. Lakini kuzalisha mbegu mpya huchukua miaka kati ya minane na kumi, na kinachowekwa katika orodha ya malengo mwaka huu ndicho kitakachofika shambani muongo ujao. Anayesubiri mavuno yatengemae ndipo aulize kuhusu lishe atakuwa amechelewa kwa kizazi kizima cha watoto. Maswali haya mawili hayana budi kuulizwa siku moja.

Kwa maoni yangu, mambo matatu yanawezekana. Kwanza, kabla aina mpya ya soya haijaidhinishwa, majaribio ya kitaifa ambayo husimamiwa na KEPHIS yazidi kutilia maanani yaliyomo ndani ya punje, na vipimo hivyo vitangazwe kwa lugha anayoielewa mkulima: protini kiasi gani, mafuta kiasi gani, dakika ngapi jikoni. Akina mama wa vikundi vinavyotengeneza maziwa ya soya na mandazi ya soya waketi pamoja na watafiti wa KALRO na wa vyuo vikuu tangu siku ya kuchagua mimea, wala wasiitwe tu siku ya kuonja na kupigwa picha.

Pili, serikali za kaunti na vyama vya ushirika zianze, hata kwa eneo moja dogo, kununua soya kwa kilichomo. Viwanda vya chakula cha mifugo, ambavyo huagiza soya kutoka nchi jirani, vinajua thamani ya protini na huihesabu kila siku. Kinachokosekana ni thamani hiyo kumfikia mkulima.

Tatu, na hapa nazungumzia uwanja wangu, vibandiko. Katiba ya mwaka 2010 inasema katika kifungu cha 7 kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na katika kifungu cha 46 inampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu anachonunua. Viweke vifungu hivyo viwili pamoja, kisha uingie dukani uchukue chupa ya mafuta. Mara nyingi utaelezwa kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo, kwamba hayo ni mafuta ya mimea, bila kuelezwa kinagaubaga ni mimea ipi. Tumeona jinsi kibandiko kilivyobadilisha mashamba ya Iowa. Kibandiko kisichosomeka hakibadilishi kitu. Wanaisimu tuna wajibu wa kuunda na kusambaza istilahi za mambo haya, na magazeti na redio zina wajibu wa kuzitumia hadi zizoeleke, kama vile "protini" na "vitamini" zilivyozoeleka.

Mkulima wetu atakaposoma juu ya mfuko "mbegu bora", na awe na ujasiri wa kumwuliza muuzaji: bora kwa mavuno, kwa mafuta, kwa mashudu, au kwa chungu changu? Muuzaji akishindwa kujibu, aende akamwulize aliyemletea. Swali hilo likipanda ngazi hiyo hadi kwa mzalishaji mwenyewe, tutakuwa tumeanza kushiriki katika kuiumba mbegu ambayo sisi ndio tutakaoila.